Mauzo ya saa 2:14 asubuhi yanaandikwa 02:14 usiku: kosa liko kwenye kodi, kwenye seva au kwa keshia?

#1 Mgosi wa Makorora
Wakuu, habari za jioni.

Nina mfumo wa mauzo wa duka la dawa hapa Tanga, matawi matatu, moja linafanya kazi usiku kucha. Mbele (kwenye brauza) ni JavaScript, nyuma (kwenye seva) ni Django ya Python, hifadhidata ni MySQL, seva ya kukodi iko Ulaya. Miezi minane umekwenda bila kelele. Juzi mwenye duka kanipigia: "Kijana, nani ananiuzia dawa saa nane usiku kwenye tawi linalofungwa saa tatu?"

Nikaangalia. Dawa iliyouzwa saa 2:14 asubuhi, yaani 08:14, imeandikwa 02:14. Lakini siyo zote! Siku hiyo kulikuwa na mauzo 412, yaliyoharibika ni 37. Mengine yako sawa hadi sekunde. 

Nimesoma kodi (code) yangu mpaka macho yanauma. Msaada.

#2 Kiti cha Mbele
Nimekaa. Muuza kahawa apite huku.

#3 Fundi Seva
Hii ndogo mkuu. Seva iko UTC (saa ya dunia, ile ya Greenwich), wewe uko UTC+3, saa tatu mbele. Fungua settings.py (faili la mipangilio), utakuta TIME_ZONE ni 'UTC', Django inazaliwa hivyo. Weka 'Africa/Dar_es_Salaam', washa upya, uje kushukuru.

#4 Bi Nukta
Fundi, umesoma swali au umesoma kichwa cha uzi? Kutoka 08:14 hadi 02:14 ni saa sita. UTC ingempa 05:14. Tena ingeharibu zote 412.

Mgosi, kabla watu hawajaanza kupiga ramli: settings.py yako inasema nini kuhusu TIME_ZONE na USE_TZ? MySQL inajibu nini ukiuliza `SELECT @@global.time_zone, NOW(), UTC_TIMESTAMP()`? Na la muhimu kuliko yote, hizo 37 zina undugu gani? Tawi moja? Kompyuta moja? Muda fulani wa siku? Kosa linalochagua watu lina sababu ya kuwachagua.

#5 Mgosi wa Makorora
Asante dada. TIME_ZONE ni 'Africa/Dar_es_Salaam' na USE_TZ ni True tangu siku ya kwanza, kwa hiyo Fundi samahani. MySQL inasema SYSTEM (inafuata saa ya seva), na NOW() na UTC_TIMESTAMP() zinalingana.

Undugu nimeupata sasa hivi: zote 37 ni za tawi la Ngamiani, na zote ni za kipindi ambacho umeme au intaneti ilikatika. Mtandao ukiwepo, saa anaandika Django mwenyewe kwa timezone.now(). Mtandao ukipotea, brauza inayahifadhi mauzo, ukirudi inayatuma kwa foleni. Kuna kiprogramu cha Python ndani ya kontena la Docker (kisanduku chenye mipangilio yake yenyewe) kinaipokea foleni na kuingiza kwenye hifadhidata.

#6 Fundi Seva
Nimekubali kofi la saa sita. Hilo kontena lina TZ (mpangilio wa ukanda wa saa)?

#7 Mgosi wa Makorora
Ndiyo, TZ=Etc/GMT+3. Niliiweka wiki tatu zilizopita nilipohamisha seva. Tanzania si GMT+3?

#8 Babu Pascal
Haya, mjukuu wangu amejikwaa pale nilipojikwaa mimi.

Majina yote yanayoanza na Etc/GMT alama zake ziko kinyume. Etc/GMT+3 ni saa tatu NYUMA ya Greenwich. Umelihamishia duka la dawa Buenos Aires. Ni urithi wa POSIX (kanuni za zamani za mifumo ya Unix): wao hawahesabu uko mbele ya Greenwich kwa saa ngapi, wanahesabu uongeze saa ngapi kwenye saa yako ili uipate ya Greenwich. Ungetaka ya Tanga kwa mtindo huo ungeandika Etc/GMT-3, na kila atakayefuata angedhani umekosea akakurekebishia.

Piga hesabu: 08:14 ya Tanga ni 05:14 ya Greenwich, ambayo ni 02:14 kwa Waajentina. Saa sita kamili. Faili lifungwe.

#9 Dogo Laravel
Babu unatisha 😂

#10 Bi Nukta
Lisifungwe bado. Babu yuko sahihi kuhusu alama, ila inategemea kontena linapewa nini. Kama brauza inatuma milisekunde (zinazohesabiwa tangu 1 Januari 1970 ya UTC) na Python inazifungua kwa `datetime.fromtimestamp()` tupu, bila kutaja ukanda, hapo TZ ya kontena inaingia na Babu ameshinda. Kama brauza inatuma tarehe iliyokwisha kuandikwa, TZ haina pa kushika. Tuone mstari wenyewe.

#11 Mgosi wa Makorora
Wakati wa kuhifadhi:

`wakati: new Date().toISOString().slice(0, 19)`

Wakati wa kutuma:

`m.wakati = new Date(m.wakati).toISOString().slice(0, 19)`

Huo wa pili niliuongeza mwezi uliopita ili muundo ufanane. Ukifika, Django inauchukulia kuwa ni saa ya Dar.

#12 Chatu Mpole
Mgosi, umeikata mkia mara mbili.

toISOString() inarudisha saa ya UTC na mwisho inaweka herufi Z. Hiyo Z ndiyo cheti cha kuzaliwa, inasema "hii ni UTC". Wewe kwa slice(0, 19), inayobakiza herufi 19 za mwanzo, umeitupa. 08:14 imekuwa 05:14 na hakuna ajuaye ni 05:14 ya wapi. Wakati wa kutuma, `new Date("...T05:14:00")` inaikuta haina Z, inadhani ni saa ya hapo hapo Tanga, toISOString() inatoa tatu nyingine: 02:14. Unaitupa Z mara ya pili. Django inaipokea 02:14, inaamini ni ya Dar, inaandika.

Tatu jumlisha tatu. Sihitaji Buenos Aires.

#13 Kiti cha Mbele
Sasa tuna saa sita mbili na zote zinafika 02:14. Kahawa iongezwe.

#14 Msee wa Rongai
Niaje wakubwa. Kwanza nilidhani uzi ni wa kodi ya nyumba, nikaingia kulia.

Yangu ni ndogo lakini imenikosesha usingizi. Script yangu ya Python inaongeza dakika 33. Siyo saa moja, siyo nusu saa, thelathini na tatu. Naandika mkutano wa 08:00, unatokea 08:33. Nani duniani yuko dakika 33 kutoka Nairobi?

#15 Chatu Mpole
@Msee wa Rongai unatumia pytz (maktaba ya Python ya kanda za saa) na umeandika `datetime(2024, 5, 6, 8, 0, tzinfo=pytz.timezone('Africa/Nairobi'))`. Sivyo? Usitumie hivyo. pytz ikiingizwa moja kwa moja inachukua mstari wa kwanza kabisa wa historia ya ukanda huo, na kwa Nairobi ni saa ya jua ya kabla ya 1908, UTC+2:27. Kutoka 2:27 hadi 3:00 ni dakika 33. Mkutano wako umeitishwa enzi za reli mpya.

Tumia `.localize()`, au achana na pytz kabisa uchukue zoneinfo, iko ndani ya Python tangu 3.9.

#16 Msee wa Rongai
Wacha! Nilikuwa na localize nikaitoa nikiona ni mstari wa bure. Shukran sana.

#17 Keshia Mstaafu
Nimewasoma kutoka juu. Mnataja seva, kontena, Buenos Aires. Hakuna aliyemuuliza aliyekaa kwenye kiti.

Nimefanya kazi ya keshia miaka tisa. Umeme ukikatika kabisa na kompyuta nayo inazima, hakuna cha brauza kuhifadhi. Unachukua daftari na kalamu. Mteja wa kwanza saa 2:14 asubuhi unaandika "2:14, panado na dawa ya kikohozi". Umeme ukirudi bosi anasema ingiza yote kwenye kompyuta. Kuna kisanduku kimeandikwa "Saa". Unadhani naandika ngapi? Naandika 2:14. Saa yangu ya ukutani inasema nane, lakini mimi nasema saa mbili, daftari langu linasema saa mbili, na mama yangu alinifundisha saa mbili.

Mgosi, una fomu kama hiyo?

#18 Mgosi wa Makorora
...Ninayo. Inaitwa "Mauzo ya daftari".

#19 Kiti cha Mbele
TATU! Saa sita tatu na zote zinatua 02:14!

#20 Babu Pascal
Keshia amenivua kofia. Miaka mingi ya kazi hii sijawahi kuona makosa matatu yasiyojuana yakafika mlango mmoja dakika ile ile.

#21 Dogo Laravel
Mimi nisicheke sana. Nilitakiwa ripoti itoke kila siku saa sita usiku. Nikaandika cron (ratiba ya seva, dakika kwanza kisha saa) `0 6 * * *`. Saa sita ni sita, au siyo? Seva ilikuwa UTC, ripoti ikawa inatoka saa tatu asubuhi. Nikaona iko saa tatu mbele, nikasema "ah, ukanda wa saa", nikaondoa tatu, ikawa `0 3 * * *`. Ikawa inatoka saa kumi na mbili asubuhi. Hapo ndipo nilipoona nimeandika Kiswahili kwenye cron.

#22 Fundi Seva
😂😂 Na jibu sahihi kwa seva ya UTC ilikuwa `0 21 * * *`. Saa sita usiku ya kwetu ni 21:00 ya kwao, jana yake.

#23 Bi Nukta
Tukimaliza kucheka, tuna namna ya kuzitenganisha hizo tatu, angalau nusu.

Kwanza, sekunde. Mauzo yaliyopita kwenye brauza yana sekunde za kila aina. Yaliyoandikwa kwa mkono kwenye fomu yatakuwa na 00, kwa sababu hakuna keshia anayeandika sekunde.

Pili, mwelekeo. Mashine inakosea upande mmoja tu. Binadamu hapana. Kama kisanduku ni `type="time"`, brauza inaonyesha AM na PM au saa 24 kutegemea lugha ya kompyuta. Mkiwa na AM na PM, keshia wa saa nane mchana (14:00) ataandika 8:00 kisha atachagua PM, maana ni mchana. Hapo imekuwa 20:00, saa sita MBELE. Lakini saa moja usiku (19:00) ataandika 1:00 PM, inakuwa 13:00, sita nyuma tena. Kwa hiyo ukikuta hata moja iliyokwenda mbele, hiyo si seva wala slice, hiyo ni mtu.

#24 Mpemba wa Maskati
Assalaam alaykum. Naongezea jambo ambalo watu wa bara hulisahau. Kwetu usiku hutangulia mchana. Usiku wa Ijumaa ni Alhamisi baada ya magharibi. Mzee wangu Wete anaandika daftari la duka kwa hesabu hiyo mpaka leo. Mpwa wangu alipoliingiza kwenye kompyuta, mauzo ya baada ya magharibi yote yalisogea siku nzima. Tulilaumu programu wiki mbili.

Na mimi huku niko UTC+4, ripoti ya duka naiona saa moja mbele kuliko wao. Tumeshagombana kwa hilo pia.

#25 Keshia Mstaafu
@Mpemba wa Maskati alaykum salaam. Ndiyo maana sisi tunasema "usiku wa kuamkia Ijumaa", ugomvi unakwisha.

#26 Fundi Seva
Tatizo ni kwamba programu zenyewe zikitafsiriwa zinachanganya zaidi. Nimeona simu ya Kiswahili imeandika "8:14 asubuhi". Saa nane ya asubuhi iko nchi gani?

#27 Msee wa Rongai
Nimerudi na swali lingine, niko kwa sacco. Mfumo ni Java. Wanachama vijana tarehe zao za kuzaliwa ziko sawa. Wazee, waliozaliwa miaka ya hamsini, wanapungua siku moja. Aliyezaliwa tarehe 12 anasoma tarehe 11. Wazee wamekasirika, mmoja anasema tunataka kumnyima haki yake.

#28 Babu Pascal
Hao ni wenzangu, waheshimu.

Sababu ni kwamba Nairobi haikuwa UTC+3 tangu Adamu. Kulikuwa na +2:30, baadaye +2:45. Jedwali la kanda za saa linalotumiwa na kompyuta karibu zote liliandika +2:45 mpaka 1960. Mashine moja imehifadhi usiku wa manane kwa hesabu ya +3, ikawa 21:00 UTC ya siku iliyotangulia. Mashine nyingine ikiisoma kwa +2:45 inapata 23:45, tarehe ya nyuma. Vijana wa baada ya 1960 wako +3 pande zote, hawaguswi.

#29 Chatu Mpole
Marekebisho kidogo kwa Babu. Hilo la 1960 ni jedwali la zamani. Jipya linasema +2:45 ilianza 1937 na ikakoma mwisho wa Julai 1942, tangu hapo ni +3. Kwa hiyo Msee, mashine zako mbili hazina jedwali moja. Moja ina Java ya zamani, maana Java hutembea na jedwali lake, haitumii la mfumo wa kompyuta.

Na kwa Mgosi na wenzake wa Tanzania: Africa/Dar_es_Salaam siku hizi ni kiungo tu kinachoelekea Africa/Nairobi.

#30 Babu Pascal
Nakubali. Yangu niliyoisoma ilikuwa ya zamani, kama mwenyewe.

#31 Dogo Laravel
Kwa hiyo hata saa zetu zinahesabiwa Nairobi 😤

#32 Msee wa Rongai
Tulia bro, hata matokeo ya mpira tutawahesabia.

#33 Bi Nukta
@Msee wa Rongai usisasishe Java tu ukadhani umepona. Tarehe ya kuzaliwa haina saa. Mtu hazaliwi "saa sita usiku kwa ukanda wa Nairobi". Safu iwe DATE, na ndani ya Java tumia LocalDate. Hapo majedwali yagombane yenyewe.

#34 Dogo Laravel
Mimi nina wateja 40 waliozaliwa siku moja: 1 Januari 1970. Nilidhani ni pacha.

#35 Fundi Seva
PHP? Fomu inaleta 31/01/1985 na wewe unaitia kwenye strtotime()? Ikiona mkwaju inadhani ni ya Kimarekani, mwezi kwanza. Mwezi wa 31 hakuna, inarudisha false, date() inaigeuza sifuri, na sifuri ni 1970. Weka vistari, 31-01-1985, itaielewa. Au tumia createFromFormat na 'd/m/Y' uwe mtu mzima.

Hatari zaidi ni 05/03. Hiyo haileti kosa lolote, inakupa Mei badala ya Machi na inatabasamu.

#36 Chatu Mpole
Na aliye kwenye Java asiandike YYYY akitaka mwaka. Ni yyyy. Ile kubwa ni mwaka wa wiki. Kwa mipangilio ya Kimarekani tarehe 29 Desemba 2024 inatoka 2025, kwa sababu wiki hiyo imegusa Januari. Kosa linalala miezi kumi na moja na nusu, linaamka wakati wewe umekwenda kula sikukuu kijijini.

#37 Keshia Mstaafu
Hivi ninyi mnalipwa kwa kazi hii?

#38 Mgosi wa Makorora
Wakuu nimerudi na hesabu.

Katika zile 37, zenye sekunde 00 ni 9. Na nimekuta nyingine 4 ambazo sikuzihesabu mwanzo, ziko saa sita mbele, zote za mchana, zote sekunde 00. Keshia Mstaafu chukua maua yako, hizo 13 nadhani ni za daftari.

Zinabaki 28. Nikasema hizi ni za slice. Lakini nimeenda Ngamiani mwenyewe. Kompyuta ziko mbili. Moja haijapakia ukurasa upya sijui tangu lini, brauza yake bado inatumia ukurasa wa zamani kutoka kwenye kache. Ukurasa wa zamani haukuwa na slice. Ulikuwa unatuma Date.now().

#39 Babu Pascal
AHAA. Milisekunde! Na Python unazifungua kwa fromtimestamp?

#40 Mgosi wa Makorora
Ndiyo Babu. Tupu.

#41 Babu Pascal
Buenos Aires imefufuka.

#42 Chatu Mpole
Kwa kompyuta moja. Ile nyingine ni yangu. Zipi ni za kompyuta ipi?

#43 Mgosi wa Makorora
Sikuandika namba ya kompyuta kwenye jedwali.

#44 Chatu Mpole
😐

#45 Bi Nukta
Uzuri ni kwamba haviwezi kutokea vyote kwenye uzo moja, vinginevyo tungeona saa tisa au kumi na mbili. Mgosi, unazo za saa kumi na mbili?

#46 Mgosi wa Makorora
Hakuna. Ila dada "uzo" ndiyo umoja wa mauzo? 😄

#47 Bi Nukta
Leo ndiyo.

#48 Mpemba wa Maskati
Kwa wenye mikopo: tuna mfumo wa mikopo ya nyumba, miaka 15. Mwaka 2022 ulikuwa unakubali, baadaye mikopo mipya ikaanza kukataliwa na MySQL, "Incorrect datetime value". Safu ya tarehe ya mwisho ilikuwa TIMESTAMP, na hiyo inaishia 19 Januari 2038 saa 03:14:07 UTC. Watu wanasema 2038 iko mbali. Kwa anayekopa leo, imeshafika. Tulibadili kuwa DATE.

#49 Fundi Seva
Hii naiwekea alama. TIMESTAMP na DATETIME za MySQL ziongezwe kwenye orodha ya ndoa zilizovunjika: ya kwanza inageuza saa kwenda UTC na kurudi kwa kufuata ukanda wa muunganisho, ya pili inaandika ulichompa na kunyamaza.

#50 Dogo Laravel
Nani ana dawa ya kodi ya nyumba (kodi ya kweli Msee)? Mpangaji alianza 31 Januari, nikaongeza '+1 month', bili ya Februari ikatoka Machi 3. Februari hakudaiwa kabisa. Kafurahi.

#51 Chatu Mpole
PHP inakwenda 31 Februari, inaona haipo, inamwaga siku zilizozidi mwezi unaofuata. Kwenye Python relativedelta ingekukatia kwenye 28. Carbon unayo kwenye Laravel, tumia addMonthNoOverflow().

Ila hesabu kila mara kutoka tarehe ya kwanza ya mkataba, siyo kutoka bili iliyopita, la sivyo ukishakatwa hadi 28 utabaki 28 mwaka mzima.

#52 Mgosi wa Makorora
Naleta mrejesho.

Nimebadilisha TZ ya kontena kuwa Africa/Dar_es_Salaam. Nimeondoa slice ya kutuma. Fomu ya daftari nimeweka saa 24, na pembeni inaandika kwa maneno: ukiandika 02:14 inasema "saa nane usiku", keshia akiona anashtuka. Siku mbili sasa hakuna hata moja iliyoharibika.

#53 Fundi Seva
Hongera! Kwa hiyo ilikuwa ipi?

#54 Mgosi wa Makorora
Sijui mkuu. Tangu nibadilishe, umeme haujakatika.

#55 Kiti cha Mbele
🤣🤣🤣 Nimemwaga kahawa.

#56 Keshia Mstaafu
Umeme hukatika usipoutaka tu.

#57 Bi Nukta
Mgosi, umebadilisha vitu vitatu kwa mpigo. Hata ukipona hutajua ulipona kwa dawa ipi. Chomoa waya wa intaneti Ngamiani, uza kitu kimoja, rudisha waya, soma.

#58 Mgosi wa Makorora
Nimefanya sasa hivi. Nimemuuzia keshia dawa ya mafua saa 4:20 usiku, yaani 22:20. Imeingia 19:20.

Sasa ni saa TATU.

#59 Chatu Mpole
Nilikuwa sahihi. Slice ya kutuma umeiondoa, ya kuhifadhi bado iko. Nusu ya kosa, nusu ya tofauti.

#60 Babu Pascal
Au TZ haisomeki. Kontena lako limejengwa juu ya nini? Kama ni Alpine (Linux ndogo) tupu, haina tzdata (jedwali la kanda za saa) ndani. Ukiitajia Africa/Dar_es_Salaam haipati faili, inarudi UTC kimya kimya, wala haikuambii. UTC ni saa tatu.

#61 Chatu Mpole
Babu, kama haina tzdata basi Etc/GMT+3 nayo isingesomeka. Ingekuwa saa tatu tangu mwanzo, siyo sita. Umejinyonga kwa kamba yako.

#62 Babu Pascal
Isipokuwa kontena limebadilika. Mgosi, uliposahihisha TZ ulijenga kontena upya?

#63 Mgosi wa Makorora
Nilijenga upya. Na nikahamia Alpine kupunguza ukubwa, nikaweka Python mwenyewe. Zamani lilikuwa Debian.

#64 Kiti cha Mbele
MBILI TENA.

#65 Bi Nukta
Kompyuta uliyotumia kwa jaribio ni ile yenye ukurasa mpya au ile ya kache?

#66 Mgosi wa Makorora
Ndilo nililotaka kuliangalia. Keshia ameshafunga duka, ufunguo anao, na simu yake haipatikani. Nimesimama nje.

#67 Keshia Mstaafu
Mwache alale. Anafungua saa mbili.

#68 Dogo Laravel
Saa mbili ipi?